Kulala juu ya majaruba ya Longji: mwongozo kamili wa nyumba za wageni za milimani huko Guangxi

Mfanyabiashara aliyemaliza mizunguko yake Guangzhou, mzigo umeshaingia kontena na viza bado ina siku, mara nyingi huishia kuzurura Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, akisubiri tarehe ya ndege. Siku hizo zinatosha kabisa kupanda mlima. Treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou South hadi Guilin huchukua takriban saa mbili na nusu hadi tatu. Kutoka Guilin ni kama saa mbili nyingine kwa gari hadi Longji, ambako makabila ya Kichina ya Wazhuang na Wayao (si Wayao wa kwetu) yamekuwa yakichonga milima kuwa majaruba ya mpunga tangu enzi ya Yuan, iliyotawala kati ya 1271 na 1368. Majaruba hayo yanaanzia karibu mita 300 kutoka usawa wa bahari na kupanda hadi mita 1,100 hivi, na katikati yake kuna vijiji vya nyumba za mbao ambazo nyingi sasa ni gesti.

Mwongozo huu ni wa kulala huko, si wa kupita. Wageni wa siku moja hufika kwa basi asubuhi jua likiwa limeshapanda, hupiga picha zao, na ikifika saa kumi jioni wengi wameshashuka. Wewe unayelala unalipia saa ambazo wao hawapo: magharibi, usiku na alfajiri. Ndiyo maana swali la kwanza si bei ya chumba. Swali ni ngazi: gari linaishia wapi, na kutoka hapo utapandaje hadi mlangoni.

Kijiji kwanza, chumba baadaye

Longji si kijiji kimoja. Ni eneo lenye lango la tiketi (kiingilio kimekuwa yuan 80 kwa muda mrefu), na ndani yake kuna vijiji kadhaa vilivyo kwenye mabonde tofauti. Kwenye programu za kuweka nafasi vyote huwekwa chini ya jina hilohilo la Longji, na hapo ndipo watu wanapokwama. Mtu analipia chumba Ping'an, anapanda basi la Dazhai, anashuka jioni upande ambao si wake.

Ping'an ni kijiji cha Wazhuang, na ndicho kilichotangulia kuzoea watalii. Kutoka maegesho hadi katikati ya kijiji ni dakika 20 hadi 30 za ngazi za mawe. Kina vituo viwili vya kutazamia mandhari ambavyo kila Mchina aliyefika huko anavijua kwa majina: Majoka Tisa na Simbamarara Watano, na Nyota Saba na Mwezi. Nyumba ni nyingi, migahawa ni mingi, na baadhi ya gesti ni hoteli kamili zilizovalishwa mbao.

Dazhai ni ya Wayao Wekundu, waliopewa jina hilo kwa mavazi ya wanawake wao. Bonde ni pana zaidi na majaruba yanaonekana kwa wingi kuliko Ping'an. Mwaka 2022 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa liliiingiza Dazhai kwenye orodha yake ya vijiji bora vya utalii. Kuna gari la kamba linalopanda hadi kituo cha kutazamia cha Jinfoding, ila ni la mchana tu, na linakuacha juu kileleni, si mlangoni kwa mwenyeji wako. Juu ya Dazhai kuna kitongoji kiitwacho Tiantouzhai. Kukifikia kwa miguu kutoka langoni ni karibu saa nzima kwa mtu asiyezoea, na ndicho chenye madirisha yanayoangalia majaruba ana kwa ana.

Ukiniuliza mimi: kama ni usiku mmoja, una mzigo, au umefuatana na mzazi mwenye magoti mabovu, nenda Ping'an. Kama ni siku mbili na miguu ipo, nenda Tiantouzhai bila kusita. Sipendekezi zile gesti za chini kabisa ya Dazhai, karibu na lango. Ni rahisi kufika, lakini umelala bondeni na mandhari yote yako juu ya kichwa chako. Ukitaka kuyaona inabidi upande vilevile, tena alfajiri gizani.

Msimu, na kalenda ya Canton

Mpunga huku hulimwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kila kipindi kina sura yake. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Juni majaruba hujazwa maji na kuwa vioo vya mbingu. Upandikizaji hufanyika kati ya mwisho wa Mei na Juni. Julai na Agosti ni kijani tupu, na juu huko kuna ubaridi kidogo kuliko Guilin. Mwishoni mwa Septemba hadi karibu katikati ya Oktoba mpunga huiva na mlima mzima unakuwa wa dhahabu, kisha unavunwa. Baada ya hapo kunabaki mabua na matope hadi theluji ya Januari, ambayo miaka mingine haianguki kabisa.

Sasa linganisha na kalenda ya anayekwenda Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya Guangzhou. Ya machipuko huanza 15 Aprili na kumalizika 5 Mei. Ya vuli huanza 15 Oktoba na kwisha 4 Novemba. Kwa hiyo wa Oktoba ajitahidi kupanda mlima kabla ya maonyesho, kwa sababu akisubiri yaishe atakuta mpunga umeshaingia ghalani. Wa Aprili afanye kinyume: amalize kazi zake, apande wiki ya pili ya Mei akakute maji.

Tarehe za kukwepa ni tatu: 1 hadi 7 Oktoba, sikukuu ya 1 Mei na siku zinazoifuata, na mwaka mpya wa Kichina. Vyumba hupanda bei mara mbili au tatu, na vijia vya kijijini vinajaa watu bega kwa bega. Siku ya sita ya mwezi wa sita kwa kalenda yao, ambayo kwa kawaida huangukia Julai, Wayao wa Dazhai hufanya sherehe ya kuanika nguo zao za mapambo juani. Hiyo inafaa kuwahi, ila weka chumba mapema.

Suala la mwisho la msimu ni ukungu. Machipuko hasa, unaweza kuamka usione hata ukuta wa jirani. Hakuna dawa ya ukungu isipokuwa kuongeza usiku. Ndiyo sababu nasema siku mbili.

Kuweka nafasi bila kujuta

Programu ya Trip.com inakubali kadi za kwetu na inaonyesha gesti nyingi za huko. Chumba cha kawaida chenye bafu ndani, nje ya sikukuu, kwa kawaida huwa kati ya yuan 150 na 400. Kabla ya kulipa, fanya mambo haya kwa utaratibu.

1. Soma maoni ya wageni Wachina kwa kutumia tafsiri, ukianzia ya karibuni, na utazame picha walizopiga wao. Picha za mwenye nyumba zote zimepigwa siku moja ya jua mwezi wa Septemba. Maandishi mawili ya kutafuta ndani ya maoni ni 隔音, yaani habari za kelele kupita ukutani, na 台阶, yaani ngazi. Wageni wakilalamikia ngazi, waamini.

2. Mwandikie mwenyeji kabla ya kulipa. Maswali matatu yanatosha, na unaweza kuyanakili hivi yalivyo: 可以接待外国人吗? (mnapokea wageni wa kigeni?), 是观景房吗? (ni chumba chenye mandhari?), 从停车场走多久? (kutoka maegesho ni mwendo wa muda gani?). Atakachosema kuhusu mwendo, zidisha kwa mbili. Yeye amezaliwa pale.

3. Omba ghorofa ya juu kabisa. Nyumba hizi ni za mbao kuanzia nguzo hadi dari, na anayekanyaga juu yako ni kama anakanyaga kitandani kwako. Juu hakuna lifti, lakini kuna usingizi.

4. Chukua nafasi inayoweza kufutwa bila faini. Mvua kubwa za Mei na Juni huporomosha udongo barabarani, na safari inaweza kuahirishwa siku moja au mbili.

Kuhusu kupokewa: sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu Julai 2013, inaitaka nyumba ya wageni kukuandikisha polisi. Mwenyeji atapiga picha ukurasa wa pasipoti, viza na muhuri wa kuingilia, kisha atatuma. Usishangae wala usigome. Mwaka 2024 serikali iliagiza nyumba za wageni zisiwakatae wageni wa kigeni kwa kisingizio cha kutokuwa na kibali maalumu, lakini gesti ndogo ya familia ambayo haijawahi kuandikisha pasipoti ya nje inaweza bado kubabaika. Afadhali babaiko hilo limalizike kwenye meseji kuliko kukukuta mlangoni saa mbili usiku.

Kabla ya kutoka Guangzhou

Simu ndiyo safari yenyewe. WhatsApp, Google na Instagram havifunguki kwa laini ya Kichina ya kawaida, ila vinafunguka ukitumia bando la nje la laini ya nyumbani au laini ya kidijitali (eSIM) uliyonunua kabla ya kuingia China. Pakua Amap kwa ajili ya ramani, WeChat kwa kuzungumza na mwenyeji (ina tafsiri yake ndani), na kifurushi cha tafsiri ya Kichina kinachofanya kazi bila intaneti.

Pesa: Alipay na WeChat Pay zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada; yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Jaribu kadi yako ukiwa bado mjini, hata kwa chupa ya maji, kwa sababu benki nyingi za kwetu huzuia muamala wa kwanza wa China hadi uwapigie. Beba pia noti ndogondogo za yuan 10 na 20.

Sanduku kubwa liache. Hoteli yako ya Guangzhou au Guilin italitunza, nyingi hazitozi kitu. Panda na begi la mgongoni lenye viatu vyenye soli inayoshika, koti la mvua, sweta hata kama ni Agosti, tochi, pawa benki na kandambili. Mawe ya ngazi yakiloa yanateleza kuliko sakafu ya msikiti siku ya mvua.

Siku ya safari

Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla, kwenye 12306, programu ya reli ya China, au Trip.com. Daraja la pili kati ya Guangzhou South na Guilin kwa kawaida haizidi sana yuan 200. Hakuna karatasi, pasipoti yako ndiyo tiketi, na kama geti la mashine halikusomi nenda dirisha la pembeni lenye mhudumu. Chagua treni inayoshukia Guilin au Guilin North. Guilin West iko nje ya mji, na nafuu ya tiketi utaimalizia kwenye teksi.

Panga kufika Guilin kabla ya saa sita mchana. Mabasi ya watalii ya kwenda Ping'an na Dazhai huondoka mjini kwa saa maalumu, na ukiyakosa utalazimika kukodi gari. Muulize mwenyeji siku moja kabla: basi lipi, linaondokea wapi, saa ngapi. Wengi wanaweza hata kukuwekea kiti. Pale stesheni utakutana na mtu atakayekuambia kwamba mabasi yamekwisha leo na yeye ana gari. Mpite kwa heshima, umuulize mwenyeji wako kwa simu, uhakikishe.

Njiani, kama basi linapita Huangluo, utaona kijiji cha wanawake wa Kiyao wanaojulikana kwa nywele ndefu. Kwa mila yao nywele hukatwa mara moja tu, msichana akifika miaka 18, na huoshwa kwa maji ya mchele yaliyochachushwa. Kuna onyesho la kulipia. Ni la kitalii waziwazi, lakini dada zetu wanaojali nywele huuliza maswali mengi pale kuliko mahali pengine popote.

Kupanda

Mlangoni mwa kijiji utakutana na akina mama wenye vikapu vya mgongoni. Wanabeba mizigo, na ni kazi halali inayowalisha. Mmoja atalichukua begi lako, atalilaza juu ya kikapu, atalifunga kwa mpira wa baiskeli, atajitwika mikanda mabegani, na kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu ameshapita kona ya kwanza. Ana miaka ya mama yako. Kikonyo cha nywele kilichojikunja mbele juu ya paji la uso kinakueleza kwamba ameolewa na ana watoto. Wewe usiye na mzigo utamkuta mbele amekaa kwenye jiwe anakusubiri.

Elewaneni bei kabla hajainua kitu, kwa kuandika tarakimu kwenye simu. Ni makumi kadhaa ya yuan kwa begi, kulingana na uzito na umbali. Usibishane hadi mwisho kwa yuan 10. Wewe mwenyewe utaona aibu ukifika juu.

Kwa ngozi nyeusi jambo moja zaidi: utaombwa picha. Wazee kutoka mikoa ya ndani ya China wanaotembelea Longji wengine hawajawahi kukutana na Mwafrika uso kwa uso. Wengi huomba kwa tabasamu, wachache hupiga kwa kuvizia. Ukitaka, kubali; hutaki, tikisa mkono na useme “bu yao” (sitaki) mara moja, uendelee na ngazi zako. Nawe vilevile usiwapige picha wanawake wa Kiyao bila kuwauliza, kwani baadhi yao hutoza.

Chumbani

Kagua kabla ya kufungua begi. Fungua dirisha uone kama mandhari ndiyo hiyo uliyolipia. Washa maji ya moto uyaache dakika tano. Uliza swichi ya hita iko wapi, maana katika nyumba nyingine tangi linapashwa kwa umeme na huhitaji kuwashwa mapema. Kuanzia Novemba hadi Machi hakikisha kitanda kina blanketi la umeme. Godoro litakuwa gumu, ndivyo wanavyolala. Maji ya bomba hayanywewi, ndiyo maana kuna birika la umeme mezani.

Nguo usizifue machipuko. Hazikauki.

Moto ni jambo la kufa na kupona kwenye kijiji cha mbao kilichosongamana namna ile. Usivute sigara chumbani, usiwashe udi wala mshumaa, usiache pawa benki ikichaji chini ya mto. Viatu vyenye tope viache chini. Watoto wakikimbia kwenye sakafu ya mbao saa nne usiku, nyumba nzima iko macho.

Chakula, hasa kwa asiyekula nguruwe

Kwa anayekula kila kitu, hapa ni raha: wali uliopikwa ndani ya mwanzi juu ya makaa, kuku wa mwanzi, majimbi, mboga zilizochumwa nyuma ya nyumba, na pombe tamu ya mchele ambayo mwenyeji atakumiminia bila kukuuliza. Asubuhi wengine hutoa chai ya mafuta: majani ya chai hukaangwa na tangawizi, hupondwa, hutiwa maji na chumvi, na kunywewa na bisi za mchele na karanga. Kikombe cha kwanza kitakushangaza. Cha pili utakiomba.

Kwa Mwislamu inahitaji mpango. Nguruwe haishii kwenye nyama. Mafuta yake ndiyo yanayokaangia mboga, na ule wali wa mwanzi mara nyingi una vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Onyesha jikoni maandishi haya: 我不吃猪肉,也不要猪油. Maana yake huli nguruwe wala hutaki mafuta yake. Agiza mayai yaliyokaangwa na nyanya, mboga za kuchemsha na wali mweupe. Sufuria ni ileile, hilo ujipimie mwenyewe. Guilin ina jamii ya Waislamu wa Kihui na mikahawa yenye maandishi 清真 (yaani halali) mlangoni, kwa hiyo kula vizuri mjini kabla ya kupanda, na beba tende, karanga, mkate na samaki wa kopo. Mwenyeji hatakasirika ukila chakula chako, mradi uagize hata chai.

Uliza bei ya kila sahani kabla. Kuku mzima huuzwa kwa uzito, na bili yake inaweza kuzidi ya chumba.

Alfajiri na matembezi

Usiku mwulize mwenyeji kesho jua linachomoza saa ngapi na uende kituo kipi. Yeye anajua upande gani unafunguka kwanza. Mwezi wa Oktoba ni kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo uwe njiani saa kumi na moja na nusu, tochi mkononi. Usikanyage kingo za majaruba kutafuta pembe nzuri ya picha. Kingo ni za udongo, zikibomoka maji ya jaruba la juu yanashuka yote kwenye la chini, na mtu ana siku nzima ya kujenga upya.

Ukilala siku mbili, tembea kutoka Ping'an hadi Dazhai kupitia kijiji cha Zhongliu: saa nne hadi tano, njia nyingi ni ya mawe. Zhongliu wapo akina mama wanaopika chakula cha mchana majumbani mwao, bei mnaelewana. Watakaokufuata kujitolea kukuongoza watataka malipo mwishoni, hivyo sema mapema ndiyo au hapana.

Kuondoka

Lipa bili ya chakula usiku, maana asubuhi mwenye nyumba anaweza kuwa shambani. Kama uliacha amana ya chumba, hakikisha imerudi kwenye simu kabla hujashuka. Muulize basi la kwanza na la mwisho la kurudi Guilin, na usipange ndege ya kimataifa siku hiyohiyo. Tiketi ya treni ya kurudi Guangzhou iwe ya jioni, au bora ya kesho yake, ulale Guilin. Goti linaloshuka huuma kuliko linalopanda.